Goita iliyogeuka saratani na kushika koo la hewa: mjue haya kabla ndugu yenu hajaingia chumba cha upasuaji

#1 Mleta mada

Wana jamvi, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Kazi yangu ni usingizi. Mimi ndiye ninayemlaza mgonjwa na kuilinda pumzi yake mpaka daktari wa upasuaji amalize, hapa hapa Dar. Hospitali sitaitaja, na ninachoandika ni changu, si cha mwajiri. Nimeleta uzi huu kwa sababu kuna mgonjwa wa aina moja anayeniumiza roho kila akiletwa. Mtu amekaa na goita miaka mingi, akaenda mahali akafanyiwa upasuaji kwa kudhaniwa ni goita ya kawaida. Shingo ikafunguliwa, daktari akakuta uvimbe umeng'ang'ania koo la hewa, akakata alichoweza, akafunga. Miezi inapita, uvimbe unarudi, ndipo familia inaambiwa nendeni hospitali kubwa. Akifika huko shingo imejaa makovu, kila kitu kimegandana, na neva ya sauti haijulikani iko wapi. Upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi nzuri kuliko mwingine wowote utakaofuata.

Kwa hiyo ninachokuja kusema ni hiki: saratani ya tezi ikishatoka nje ya tezi na kushika jirani zake, maamuzi makubwa ya upasuaji yanatakiwa yafanyike kabla ya kisu. Yakifanyiwa mezani shingo ikiwa wazi, mnakuwa mmechelewa. Na familia ina haki ya kujua maamuzi hayo ni yapi.

Tezi ya thairoidi ni hii iliyokaa mbele ya shingo, chini ya kongomeo. Ikivimba tunaita goita, wengine rovu. Nyuma yake limepita bomba la hewa, nyuma ya bomba la hewa kuna umio unaoshusha chakula, na katikati ya hivyo viwili, kila upande, inapanda neva nyembamba inayoendesha nyuzi za sauti. Pembeni imepita mishipa mikubwa ya damu inayokwenda kichwani. Juu kuna zoloto, nyumba ya nyuzi za sauti. Vyote hivyo vimebanana ndani ya nafasi ndogo, kwa hiyo uvimbe ukitoboa ganda la tezi hauna safari ndefu.

Saratani nyingi za tezi hii, takriban asilimia 80, ni za aina ya papilari. Inakua taratibu na wengi wanapona kabisa. Kati yake ni sehemu ndogo tu inayovamia koo, lakini hiyo ndogo ndiyo inayoua, na mara nyingi inaua kwa kuziba pumzi au kuvujisha damu ndani ya bomba la hewa. Mayo Clinic ya Marekani walichapisha mwaka 1994 taarifa ya wagonjwa 262 ambao papilari ilikuwa imevamia nje ya tezi. Misuli ya mbele ya shingo ilishikwa kwa asilimia 53, neva ya sauti asilimia 47, bomba la hewa asilimia 37, umio asilimia 21, zoloto asilimia 12. Ukijumlisha inazidi mia, kwa sababu mgonjwa mmoja anaweza kushikwa sehemu mbili au tatu kwa pamoja.

Dalili za kutisha: sauti kukwaruza na kutorudi, kukohoa ukinywa maji, kukohoa damu, chakula kukwama, kusikika mluzi ukivuta pumzi, kushindwa kulala chali mpaka upange mito. Na goita iliyotulia miaka yote halafu ghafla ikaanza kukua na kuwa ngumu, hiyo msiilaze.

Naendelea chini, naomba mniachie nafasi.

#2 Mleta mada

Vipimo. Hapa ndipo ninapowaomba msome taratibu.

Altrasaundi ya shingo na sindano nyembamba ya kunyonya seli mara nyingi vinatosha kusema kama ni saratani. Havitoshi kusema imeshika nini. Altrasaundi haioni vizuri nyuma ya bomba la hewa wala kifuani. Kwa mgonjwa mwenye dalili nilizotaja, inatakiwa siti skani ya shingo na kifua yenye dawa ya kuchomwa mshipani. Kuna watu wameambiwa dawa hiyo ina madini joto kwa hiyo itaharibu tiba ya mionzi ya baadaye. Ni kweli tezi hujaa madini joto hayo kwa muda, inabidi kusubiri wiki kadhaa kabla ya tiba ya mionzi. Lakini kusubiri wiki kadhaa si sababu ya kuingia kwenye shingo bila picha.

La pili ni kamera ndogo inayopitishwa puani kutazama nyuzi za sauti. Hiyo ni ya dakika chache, mgonjwa anakaa kwenye kiti akiwa macho, anapuliziwa ganzi puani, anaambiwa aseme "iiii". Uzi mmoja ukikaa bila kucheza, maana yake neva ya upande huo imekufa au inakufa. Msikubali kuambiwa "sauti yake nzuri, haina haja". Uzi mmoja ukilala polepole, mwenzake hujifunza kuvuka katikati kumfuata, na mgonjwa anaongea vizuri tu huku neva moja haifanyi kazi. Nimeona hilo kwa watu wanaoimba kwaya.

Kwa nini ni muhimu hivyo? Neva ziko mbili. Daktari akijua ya kulia imeshakufa, akifika kushoto anajua anashika neva pekee iliyobaki kwa binadamu huyu. Asipojua akaikata, nyuzi zote mbili zinakaa katikati na kufunga njia, na mgonjwa anaamka mikononi mwangu hawezi kuvuta pumzi. Hapo ni kutobolewa shingo usiku huo huo.

La tatu, picha ikionyesha bomba la hewa au umio umeguswa, kamera ya kuingia ndani ya mabomba hayo ili kuona kama uvimbe umechungulia kwa ndani.

#3 Binti wa Mbagala

Shikamoo kaka (au dada, samahani). Umeandika kama unamwona mama yangu. Ana miaka 61, goita anayo tangu sisi wadogo. Tangu mfungo uliopita sauti imekwaruza, na usiku analala ameegemea ukuta. Wamechukua kinyama cha kupima, majibu papilari. Daktari amesema "imeshika koo" na kwamba upasuaji ni mkubwa, anaweza kukosa sauti. Kaka zangu wanasema bora arudi kijijini, kuna mzee anatoa dawa za miti shamba, kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Sielewi nimtetee vipi mama. Akikatwa neva ndiyo basi hataongea tena?

#4 Mleta mada

Marahaba binti yangu, pole sana. Mwambie kaka yako mkubwa asome hapa.

Kisu hakisambazi kansa ya papilari. Kinachosambaza ni muda. Na mtu anayelala ameegemea ukuta pumzi yake imeshabanwa. Huyo hatakiwi kupanda basi la usiku kucha kwenda kijijini.

Kuhusu sauti. Neva ikiwa bado inafanya kazi na uvimbe umeilalia tu, daktari anaimenya: anautoa uvimbe juu ya neva polepole, hata kama atabakiza utando mwembamba usioonekana kwa macho, halafu tiba ya baadaye ishughulikie hayo mabaki. Neva ikiwa imemezwa na uzi wa sauti tayari umelala, kuibakiza hakumsaidii mama chochote, inaondoka pamoja na uvimbe. Hata hapo sauti haipotei kabisa. Inakuwa ya chini, ya pumzi pumzi, anachoka akiongea sana. Kuna mafundi wanaoazima neva nyingine ndogo ya shingoni inayohudumia misuli ya mbele na kuiunga kwenye kipande cha neva ya sauti palepale. Uzi hautacheza, ila misuli yake hainyauki, na sauti inakuja kuwa nzito na yenye nguvu baada ya miezi. Ulizeni kama yupo wa kufanya hivyo siku hiyo hiyo.

Sauti kupotea moja kwa moja ni pale zoloto lote linapotolewa, na hilo hufanyika uvimbe ukishaingia ndani ya zoloto na kulijaza. Mama kukwaruza sauti pekee hakumaanishi amefika huko. Kamera ndiyo itakayosema.

#5 Fundi Kimara

Mleta mada nondo tupu. Swali la mtu asiyejua: kama kukata ni hatari hivyo, si wampige mionzi tu pale Ocean Road bila kumkata?

#6 Mleta mada

Swali zuri mkuu, wengi wanaliuliza.

Kuna mionzi ya aina mbili, na watu wanaichanganya. Moja ni madini joto yenye mionzi, unayameza, yanakwenda yenyewe kutafuta seli za tezi popote zilipo mwilini na kuziua. Ni tiba nzuri sana, lakini tezi ikiwepo bado, yote yanaishia kwenye tezi. Kwa hiyo lazima tezi itolewe kwanza. Halafu saratani iliyokomaa mpaka kutoboa bomba la hewa mara nyingi imeshapoteza tabia ya kula madini joto. Unaweza kumnywesha na yasiingie pale yanapotakiwa.

Ya pili ni mionzi ya kupigwa kutoka nje kwa mashine. Hiyo kwa papilari inafanya kazi ya kusaidia, hasa kwa mtu mzima ambaye kumebaki uvimbe usioweza kukatika. Haichukui nafasi ya kisu.

Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1996, ndiko wengi wenu mtakakopelekwa baada ya upasuaji. Kuwaona kabla ya upasuaji ni bora zaidi, ili daktari wa upasuaji na wa mionzi wakubaliane kabisa nini kitakatwa na nini kitaachiwa mionzi. Kutoka Muhimbili mpaka Ocean Road si mbali hata kidogo. Faili la mgonjwa lisikae wiki nzima njiani.

#7 Mwana Njombe

Huku kwetu bibi zetu karibu kila nyumba kulikuwa na goita. Ina maana wote walikuwa na kansa?

#8 Mleta mada

Hapana mkuu, goita nyingi si saratani. Nyanda za juu ardhi ina upungufu wa madini joto, tezi inajitutumua kutafuta hayo kidogo yaliyopo, inavimba. Ndiyo maana serikali tangu miaka ya 1990 inataka chumvi iwe na madini joto. Mwenye goita ya zamani apimwe mara moja ajulikane, na akiona mabadiliko niliyotaja kule juu asingoje.

#9 Mleta mada

Sasa bomba la hewa, ambalo ndilo kiini cha uzi.

Mwaka 1993 madaktari wa Boston, akiwemo Hermes Grillo, gwiji wa upasuaji wa bomba la hewa, walipanga uvamizi huu kwa ngazi. Kwanza uvimbe unagusa ngozi ya nje ya bomba. Kisha unaingia kwenye gegedu, yaani zile pete ngumu, au katikati ya pete na pete. Kisha unafika chini ya utando wa ndani. Mwisho unatoboa na kuonekana ndani kabisa. Kila ngazi unayopanda, hali inakuwa mbaya zaidi, na upasuaji unabadilika.

Ukiwa umegusa nje tu, daktari anakwangua: anateleza na kisu juu ya gegedu na kuutoa wote unaoonekana. Bomba linabaki zima, mgonjwa anaamka na kupumua kwa njia yake. Ukiwa umeingia ndani, kukwangua ni kujidanganya, lazima kipande cha bomba kitoke. Kama ni sehemu ndogo ya ubavuni, kinakatwa kidirisha na kuzibwa kwa msuli wa jirani, au linaachwa tundu la muda litakalofungwa baadaye. Kama ni kubwa, bomba linakatwa duara zima, pete kadhaa zinaondoka, na ncha mbili zinaungwa. Bomba la mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi, na mikono iliyozoea inaweza kutoa pete 5 au 6 na bado ncha zikakutana.

Hapa niwaeleze kinachotokea upande wangu, maana ndugu wanaokaa nje kwenye benchi hawakioni. Mpira wa kupumulia nimeuweka mdomoni kama kawaida. Bomba likikatwa, ule mpira wangu unakuwa hauna pa kupeleka hewa. Nauvuta juu kidogo, daktari anachukua mpira mwingine safi, anauingiza moja kwa moja kwenye ncha ya chini ya bomba kupitia jeraha, na mimi nampumulisha mgonjwa kupitia shingo iliyo wazi. Daktari anashona ukuta wa nyuma kwanza. Ikibidi kushona panapozibwa na ule mpira anautoa, anashona nyuzi mbili tatu, anaurudisha, nami macho yangu hayabanduki kwenye namba ya oksijeni. Ukuta wa nyuma ukiisha, nausukuma mpira wangu wa mdomoni kushuka kupita mshono, wa shingoni unatolewa, wanamalizia mbele. Kazi hiyo haifanywi na watu waliokutana asubuhi ile kwa mara ya kwanza. Lazima tuwe tumekaa mezani siku moja kabla, tumeangalia picha pamoja, na tumekubaliana nani anasema nini na wakati gani.

Baada ya hapo mgonjwa anashonwa kidevu kwenye ngozi ya kifua kwa uzi mnene, ili asiinue kichwa na kuvuta mshono wa ndani. Anakaa hivyo kama wiki. Ndugu wakiingia wodini na kumkuta ameinama hivyo wanapiga kelele wakidhani amefanyiwa ukatili. Waelezeni mapema, na mgonjwa aelezwe kabla ya wote.

Jambo jingine la upande wangu: mtu ambaye njia imebanwa sana hatumlazi ghafla. Tunampulizia ganzi kooni na kumpitishia mpira kwa kamera akiwa macho, amekaa, anapumua mwenyewe. Inatisha kidogo lakini ndiyo salama. Mkiona tunaongea naye muda mrefu kabla ya kuanza, tunamzoesha.

#10 Mtumishi wa Afya Mstaafu

Mleta mada, heshima yako. Nimekuwa kwenye fani ya upasuaji muda mrefu, naomba niongeze na pia nikupinge kidogo.

Hilo la kukwangua wagonjwa wanalipenda kwa sababu linasikika jepesi. Kubakiza seli zisizoonekana kwa macho na kubakiza uvimbe unaouona ni mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza linakubalika, wengi wanaishi miaka mingi. La pili uvimbe utarudi, na utarudia hapo hapo kooni. Daktari akikwangua na kuona gegedu limelainika au limebadilika rangi, asimamishe kukwangua akate. Akiwa hana uwezo wa kukata na kuunga bomba, asingeanza. Na kwenye neva pia usiwape watu matumaini ya kumenya kila mara.

#11 Mleta mada

Mzee wangu shikamoo, nakubali kwa sehemu kubwa, na nashukuru umetenganisha hayo mawili vizuri kuliko mimi.

Pale ninapotofautiana nawe ni kwenye hiyo "akate". Wapo wagonjwa ambao kukata bomba duara ni kuwaua: mzee mwenye moyo mchovu, au mwenye uvimbe uliokwisha kusambaa mapafuni kwa wingi. Kwa hao kukwangua na kuacha njia wazi kunaweza kumpa mtu miaka ya kupumua na kula na familia yake. Papilari inatembea polepole hata ikiwa mapafuni. Kwa hiyo swali mezani si "kinaweza kukatika?" peke yake. Ni huyu mtu, kwa umri wake, na kwa saratani yake ilivyo, anafaidika na nini? Ndiyo maana natamani uamuzi ufanywe na zaidi ya daktari mmoja: wa upasuaji, wa masikio pua na koo, wa kifua ikibidi, wa mionzi, na wa usingizi.

Na nikuunge mkono kwenye la mwisho: asiye na wa kumsaidia kuunga bomba amtume mgonjwa mbele. Kumpa mtu rufaa ni kumheshimu.

#12 Baba Wawili Tabata

Mimi ni shuhuda. Mke wangu alifanyiwa, wakaacha tundu la muda shingoni. Niwaambie wenzangu ambao hawajaambiwa: nyumbani ndiko kazi ilipo. Mpira wa ndani ya hilo tundu unatolewa kusafishwa kila siku, makohozi yakikauka yanaziba. Tulikuwa na mashine ya kunyonya, umeme ukakatika usiku, nikabaki na ile ya kubonyeza kwa mkono niliyoipuuza dukani nikaambiwa nichukue tu. Ndiyo iliyotuvusha mpaka asubuhi. Vumbi la barabara yetu likawa adui. Tukawa tunatundika kitambaa chepesi chenye unyevu mbele ya tundu. Hawezi kupiga kelele kukuita, kwa hiyo mpe kengele au filimbi ya mkononi, hata kijiko na sahani ya bati. Tundu lilifungwa, sasa anauza mihogo kama zamani na anagombana na wateja kwa sauti.

#13 Mleta mada

Baba Wawili, Mungu akubariki, hayo ya kwako yachapishwe na kugawiwa wodini. Mpeni mama salamu.

Nimalizie sehemu zilizobaki kwa haraka. Misuli ya mbele ya shingo ikishikwa inakatwa pamoja na uvimbe, mgonjwa hata hajui kuwa haipo. Umio mara nyingi unashikwa kwenye nyama yake ya nje tu, utando wa ndani ni mgumu na uvimbe hauupiti kirahisi, kwa hiyo nyama inabanduliwa na utando unabaki. Tunamwekea mpira ndani ya umio ili daktari aupapase kwa kidole ajue alipo. Utando ukitoboka unashonwa, mgonjwa analishwa kwa mpira wa puani siku kadhaa. Msimpenyezee uji kwa huruma, mshono ukiachia mate yanaingia shingoni na kuoza. Mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani unaweza kutolewa upande mmoja bila shida. Ule unaopeleka damu kichwani ukiwa umezungukwa wote na uvimbe, au uvimbe umeshika uti wa mgongo kwa mbele, wengi wetu tunasimama hapo. Hiyo ndiyo ngazi ambayo kisu kinaweza kuleta madhara kuliko ugonjwa.

Kuna aina nyingine inaitwa anaplastiki, inawapata zaidi watu wazima, inakua ndani ya wiki unaiona kwa macho. Hiyo haifuati haya niliyoandika. Inahesabiwa hatua ya 4 tangu siku inapogunduliwa. Inataka kinyama haraka, uamuzi haraka, na mara nyingi upasuaji haufai.

Kuna pia vidonge vya kisasa kwa saratani isiyokubali madini joto, kama sorafenib iliyoidhinishwa Marekani kwa saratani hii mwaka 2013 na lenvatinib mwaka 2015. Vinazuia uvimbe kukua. Bei yake ni kubwa, na kwa uvimbe uliolala kwenye bomba la hewa au mshipa mkubwa vinaweza kuleta tundu au kutoka damu, kwa hiyo visinunuliwe mtandaoni na kumezwa kienyeji.

#14 Binti wa Mbagala

Kaka zangu wamesoma. Mkubwa amekubali, amesema ataanzisha michango kwenye kundi la ukoo. Tuna miadi kesho kutwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Twende na nini, tuulize nini? Na baada ya upasuaji nikae naye vipi wodini?

#15 Mleta mada

Vizuri sana, mpe kaka pongezi.

Bebeni diski yenye picha zenyewe za siti skani, si karatasi ya majibu pekee, maana daktari wa upasuaji anataka kutazama kwa macho yake. Kama mama hajapigwa siti skani, ombeni hapo hapo. Bebeni majibu ya kinyama, na dawa zote anazotumia, pamoja na za miti shamba kama ameshaanza, bila kuona aibu. Nyingine zinafanya damu isigande.

Mkiwa mbele ya daktari ulizeni: nyuzi za sauti zote mbili zinacheza? Uvimbe umegusa bomba kwa nje au umeingia? Ukikuta umeingia, nani atakuwepo siku hiyo wa kukata na kuunga? Kitanda cha chumba cha uangalizi maalumu kitakuwepo? Daktari mzuri hatakasirika kwa maswali hayo, na akisema "hapa hatuna wa kuunga, nawapa rufaa" msimwone hafai. Na kama usiku wa leo au kesho pumzi itabana zaidi, au mluzi ukisikika akiwa ametulia, msingoje miadi, nendeni mapokezi ya dharura akiwa amekaa, msimlaze kwenye gari.

Wodini, siku ya kwanza ndiyo ya hatari. Shingo ikianza kuvimba, akahangaika, akataka kuketi, sauti ikabadilika, damu inaweza kuwa inajaa ndani na kubana koo. Ita nesi kwa sauti, usingoje daktari wa zamu apite. Nyuzi za jeraha zinafunguliwa hapo hapo kitandani kabla ya kurudi chumba cha upasuaji, na kila dakika ina thamani. Siku ya pili ya tatu, akisema midomo inamchoma kama inatembelewa na sisimizi, au vidole vinakakamaa, sema mara moja. Nyuma ya tezi kuna vitezi vinne vidogo vinavyotunza kalsiamu ya mwili, vikiguswa kalsiamu inashuka. Inarekebishwa kwa dawa, ya mshipani au vidonge.

Atameza kidonge cha homoni ya tezi maisha yake yote. Kinamezwa asubuhi tumbo tupu kwa maji, nusu saa au saa moja kabla ya chai. Vidonge vya kalsiamu vipishane nacho kwa muda wa saa nne, vikikutana kidonge cha tezi hakifanyi kazi.

Damu mtaombwa kuchangia, kaka zako wawili watatu waende mapema wasisubiri siku ya upasuaji. Ukitoka kwa daktari kesho kutwa rudi hapa uandike alichosema kuhusu nyuzi za sauti, nitakuwepo baada ya zamu.